Kutoka Kimana hadi Ngomeni: Italia iliyo njiani mwetu

MTU akitaka kuiona Italia hana haja ya kupanda ndege. Na aanzie Kimana, mji mdogo wa Kajiado ulioko kwenye barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, kisha ashuke taratibu kuelekea pwani. Apite Voi, aingie Mombasa, aende Malindi na mwisho afike Ngomeni. Njia hiyo nzima ataikuta Italia: katika shanga, katika tenga la nyanya, katika kuta za ngome, katika sahani ya futari, na hata angani.

Hatusemi hivyo kwa kutaka kuisifu nchi ya watu. Wataliano wamefika katika nchi hizi kwa sura nyingi. Wako waliokuja wakiwa mafundi, wako waliokuja wakiwa watawala, maadui wa vita, wafungwa, wataalamu na watalii. Swali linalomhusu mtu wa pwani ni moja tu: kila mara walipofika, ni nani aliyejua thamani ya kitu kilichokuwa kikiuzwa? Swali hilo ndilo tutakalolibeba safarini, msomaji, kama mtu abebavyo kibuyu cha maji.

MLIMA NA NYANYA

Kimana imekaa chini ya Kilimanjaro. Asubuhi, mawingu yasipotanda, kilele cha mita 5,895 huonekana kama kiko hatua chache tu, ingawa mlima wenyewe uko upande wa Tanzania. Maji yanayopenya katika mawe ya mlima ule, ambao zamani ulitema moto, hupita chini kwa chini na kutokeza upande huu yakiwa chemchemi. Hayo ndiyo yanayokilisha kinamasi cha Kimana, na ndiyo yaliyoigeuza sehemu ya nchi kavu ya Wamasai kuwa mashamba ya nyanya na vitunguu.

Hayo hayakuja bila mvutano. Mkulima ataka maji, mfugaji ataka maji na malisho, na ndovu wa Amboseli nao wana njia zao za tangu na tangu kuelekea Chyulu na Tsavo. Mwaka 1996 wenyeji wa Kimana walifungua hifadhi yao wenyewe ya wanyama, ili na wao wafaidike na mgeni ajaye kumtazama ndovu.

Italia nayo ina mlima wa namna hiyo. Katika kisiwa cha Sicily uko mlima Etna, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, ambao hadi leo hutoa moto na majivu. Udongo wake mweusi hustawisha machungwa, malimau na zabibu. Watu wa Sicily wana jina jingine la mlima huo, Mongibello. Nusu ya kwanza ya jina hilo ni mlima kwa lugha yao. Nusu ya pili ni "jabal", neno la Kiarabu ambalo sisi twalijua kwa jabali. Basi maana yake ni mlima-mlima! Jinsi Kiarabu kilivyofika huko tutaieleza tukikaribia Malindi.

Kwa sasa tuitazame nyanya. Leo mtu akitaja chakula cha Wataliano hufikiria mchuzi mwekundu, lakini nyanya haikuwa mmea wao. Ilitoka Amerika, ikaingia Ulaya katika karne ya 16, na kwa muda mrefu wengi waliiogopa wakidhani ni sumu. Wataliano waliiita "pomodoro", yaani tofaa la dhahabu. Baadaye wakaipenda, na zaidi ya kuipenda, wakajifunza kuitunza.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Malori ya nyanya hutoka Kimana usiku yakielekea Nairobi na soko la Kongowea, Mombasa. Soko likiwa na njaa, mkulima hucheka. Soko likishiba, bei huanguka, dalali hutaja anachotaka, na mzigo mwingine huozea shambani. Nyanya mbichi haimngoji mtu.

Kule kusini mwa Italia, msimu wa nyanya ukipamba moto, jamaa hukusanyika uani wakazichemsha, wakazichuja na kuzitia katika chupa. Nyingine hukatwa zikaanikwa juani kwa chumvi, kama tufanyavyo sisi kwa samaki. Nyanya iliyofungwa hivyo hungoja mwaka mzima, na mwenye kitu kinachongoja ndiye anayetaja bei. Si ajabu basi kuona katika maduka yetu mikebe ya nyanya iliyotoka ng'ambo, ilhali tenga la Kimana limekosa mnunuzi.

SHANGA ZA VENICE

Kabla ya kuondoka Kimana, msafiri na awatazame akina mama wa Kimasai siku ya soko. Shingoni wamevaa mapambo ya ushanga, mekundu, meupe na ya buluu, na kila rangi na mpango wake una maana kwa mwenyewe. Watu wengi hudhani shanga hizo ni kitu cha Umasaini tangu mwanzo wa dunia. Ufundi wa kuzipanga ni wao kweli, lakini kioo chenyewe kilitoka mbali.

Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya shanga za kioo zilizouzwa Unguja zilitengenezwa Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji. Karibu na Venice kuna visiwa viitwavyo Murano. Mwaka 1291 serikali ya mji huo iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe huko, kwa kuogopa moto usiteketeze nyumba za mjini. Tangu hapo Murano ikapata sifa dunia nzima. Na tusisahau kwamba mafundi wa Venice walijifunza mengi kwa mafundi wa Sham, ambao walikuwa mabingwa wa kioo kabla yao.

Aliyezileta shanga hizo hadi chini ya Kilimanjaro hakuwa Mtaliano. Alikuwa mtu wa pwani. Misafara ya Waswahili ya Mombasa na Pangani ndiyo iliyokuwa ikiijua njia ya Umasaini. Mmoja wa viongozi wake mashuhuri alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani. Mzungu Joseph Thomson alipopita nchi hii mwaka 1883, ilimbidi afuatane na msafara wa Jumbe ili apate kupenya.

Wamasai hawakuwa wajinga katika biashara hiyo. Walikataa shanga zilizomwagwa ovyo mfukoni. Walitaka zitungwe kwanza katika nyuzi za urefu waupendao wao, na rangi isiyokuwa ya wakati ilirudishwa. Wapagazi walikaa Taveta siku nyingi wakitunga. Lakini upande wa pili wa mizani ilikuwako pembe ya ndovu, na mwenye kujua bei ya pembe kule Ulaya hakuwa Mmasai wala mpagazi.

Leo shanga nyingi zinazovaliwa hazitoki tena Venice, zatoka nchi nyingine za Ulaya na China. Hata hivyo kioo hakikuihama Kajiado. Upande wa Kitengela, ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, kuna karakana ya kioo ambako chupa kuukuu huyeyushwa motoni na mafundi wakazipuliza upya kuwa bilauri na mapambo. Kupuliza kioo kwa bomba la chuma ni kazi ile ile ya Sham na Murano. Takataka ya mjini imekuwa bidhaa, na fundi ni mwenyeji.

NJIA PANDA YA EMALI

Tukifika Emali barabara kuu yatugawa. Kushoto ni Nairobi, kulia ni Mombasa. Sisi twaenda kulia, lakini si vibaya kutaja kwa ufupi aliyoyaacha Mtaliano upande wa kushoto, maana bila hayo habari za Malindi hazitaeleweka.

Mwezi Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Wakati huo ilikuwa imeitawala Somalia na Eritrea, na imeinyakua Uhabeshi tangu mwaka 1936. Hivyo Kenya ikawa mpakani mwa vita. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wengi Waafrika wa K.A.R. na wa Afrika ya Magharibi, yaliteka Kismayu na Mogadishu mwezi Februari, na Addis Ababa mwezi Aprili. Makumi ya maelfu ya Wataliano wakaletwa Kenya wakiwa mateka.

Mateka hao ndio waliotumiwa kuchonga barabara inayoteremka Bonde la Ufa kutoka upande wa Nairobi kwenda Naivasha. Chini yake, karibu na Mai Mahiu, walijenga mwaka 1942 kanisa dogo sana, ambalo bado liko kando ya njia. Huko Nyeri kuna jengo la ukumbusho walimozikwa Wataliano waliofia Kenya. Amezikwa humo pia Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa gavana mkuu wa Italia katika Afrika ya Mashariki. Alisalimu amri Mei 1941, akafa Nairobi akiwa mateka tarehe 3 Machi 1942.

Kisa cha wafungwa watatu wa kambi ya Nanyuki kinajulikana zaidi. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambini, si kwa kutaka kwenda kwao, bali kwa kutaka kuupanda Mlima Kenya! Vifaa walijiundia wenyewe kwa siri, na picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa ya kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wawili wao wakafika kilele cha Lenana na kusimika bendera. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao, wakaingia kifungo cha peke yao. Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo.

Msafiri wa pwani atauliza: na wale askari Waafrika waliopigana pande zote mbili, wengi wao Waislamu, Wasomali, Waeritrea na watu wa kwetu, nani aliyeandika vitabu vyao? Wengi walirudi makwao kimya, habari zao zikabaki kwa wajukuu.

NGOME YA MTALIANO

Sasa twashuka. Twapita Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, twakatiza Tsavo yenye vumbi jekundu, hadi Voi. Pale Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, magari mengi husimama watu wakasali na kunyoosha miguu. Mariakani ikipita, hewa hubadilika, minazi huonekana, na mara tumeingia Mombasa.

Kila mtoto wa Mombasa aijua Ngome ya Yesu. Huambiwa kwamba ni ya Wareno, na ni kweli Wareno ndio walioijenga, kuanzia mwaka 1593 hadi 1596. Lakini aliyeichora hakuwa Mreno. Jina lake lilikuwa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano mzaliwa wa Milan, aliyekuwa mjenzi mkuu wa ngome za Wareno katika Bara Hindi.

Ukiitazama kutoka juu, ngome ile ina umbo linalofanana na mtu aliyelala chali, ana kichwa, mikono na miguu. Si mzaha. Wajenzi wa Italia wa zama hizo waliamini kwamba vipimo bora ni vile vya mwili wa mwanadamu. Pembe zake zilizochomoza ziliwekwa kwa hesabu, ili mzinga wa pembe moja uulinde ukuta wa pembe ya pili, adui asipate pa kujificha. Ndiyo ramani iliyotoka Italia. Mawe lakini ni matumbawe ya hapa hapa pwani, na jasho ni la mafundi na vibarua wa Bara Hindi na wa kwetu.

Hesabu zote hizo hazikuwafaa Wareno milele. Waomani waliizingira tangu mwaka 1696, wakaingia 1698. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, na leo ni makumbusho, tena tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Ngome haikumuuliza mtu dini wala kabila lake. Ilimtumikia aliyeshika ufunguo.

ALIYETUANDIKA AKIWA SICILY

Kutoka Mombasa twaelekea kaskazini, twavuka Kilifi, na kabla ya Malindi twapita magofu ya Gedi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliokuta humo vyombo vya China walikuta pia shanga za Venice. Yaani kabla kioo hicho hakijafika kwa Mmasai, kilikuwa kimekwisha pita mikononi mwa watu wa pwani.

Tuliahidi habari ya Kiarabu huko Italia. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walianza kuiteka Sicily mwaka 827. Palermo ukawa mji wa misikiti, bustani na masoko. Walipeleka huko miwa, michungwa na ufundi wa kugawa maji mashambani. Wanormani waliutwaa mji huo mwaka 1072, na kisiwa chote kufikia 1091, lakini wafalme wao hawakuifukuza elimu waliyoikuta.

Mfalme Roger wa Pili alimwita barazani kwake mwanachuoni wa Kiislamu, Al-Idrisi, mzaliwa wa Sabta. Akamkabidhi kazi ya kuandika kitabu cha dunia nzima kwa kadiri ilivyojulikana. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1154. Ndani yake imo miji ya pwani hii aiitayo Malindi na Mombasa. Ya Malindi asema kwamba watu wake ni wawindaji na wavuvi, na wana machimbo ya chuma.

Ramani zake ziliweka kusini juu. Basi ukiitazama ramani ya dunia ya Al-Idrisi, pwani yetu ndiyo iliyo juu, na Italia iko chini!

Katika kitabu hicho hicho ataja mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza kwa wingi chakula cha unga kilichokatwa nyuzi nyuzi na kukaushwa. Asema kilipakiwa majahazini kikapelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Huo ni ushahidi wa zamani sana wa chakula ambacho dunia leo hukiita cha Kitaliano. Nasi huku tuna ndugu yake: tambi. Mwezi wa Ramadhani, zinapokaangwa kwa samli zikatiwa sukari, iliki na tui, wachache hufikiri kwamba mwenzao wa Palermo anazila kwa nyanya.

Maneno nayo yalisafiri. Sukari kwao ni "zucchero", limau ni "limone". Ghala huiita "magazzino", neno lenye mzizi mmoja na hazina. Forodha huiita "dogana", kutokana na diwani. Orodha ya bei huiita "tariffa", jamaa wa karibu wa taarifa. Sabuni ilikwenda njia ya kinyume: neno lilitoka Kilatini, likaingia Kiarabu, likatufikia sisi. Kwao ni "sapone". Mtu wa pwani ajifunzaye Kitaliano hukuta kwamba nusu ya njia amekwisha kuitembea.

MALINDI YA LEO

Basi tumefika Malindi. Mwaka 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu katika mji huu. Wazee waliojua habari hizo hawakukosa kustaajabu, maana tangu miaka ya 1970 watoto wa nchi ile ile iliyoangusha mabomu wamekuja kwa maelfu, safari hii wakiwa na mifuko ya likizo. Wengine walipenda wakakaa. Walijenga hoteli na nyumba za ufukweni, wakafungua mikahawa, na watu wakauita mji Italia Ndogo.

Katika barabara za Malindi vibao vya Kitaliano vi kila mahali. Kijana wa chukuchuku humwita mgeni kwa "ciao" kabla ya kumwita kwa jambo. Muuza vinyago hutaja bei kwa Kitaliano, na mvuvi wa Watamu aweza kukutajia samaki kumi kwa lugha hiyo. Mgeni Mwislamu apendaye kuonja pizza na aulize kwanza juu yake kumewekwa nini, kwani Wataliano hupenda nyama ya nguruwe na hutumia mvinyo jikoni. Iliyo ya nyanya na jibini tu haina tatizo, na huenda nyanya yake ni ya Kimana.

Neema ya utalii imeonekana. Watu walipata kazi, nyumba zikajengwa, watoto wengine wakasomeshwa. Hasara nazo zimeonekana. Wako watoto walioacha shule wakakimbilia ufukwe, na yako mambo ambayo wazazi na masheikh wa mji huu wameyalaumu kwa miaka mingi, hatuna haja ya kuyataja moja moja. Ardhi ya ufukweni iliuzwa kipande kwa kipande, na wauzaji wengi hawakujua kingeuzwaje mara ya pili. Hofu ya mashambulizi ilipoingia pwani miaka ya kukaribia 2014, watalii walipungua, hoteli kadhaa zikafunga milango, na aliyekuwa hana jingine ila "ciao" akakaa bila kazi.

Tatizo si lugha. Al-Idrisi alikaa kwa mfalme asiyekuwa wa dini yake, akaheshimiwa kwa sababu ya alichokuwa nacho kichwani. Kijana aliyejifunza Kitaliano kwa kusikia ufukweni aweza kuuza kinyago. Aliyejifunza darasani, akakisoma na kukiandika, aweza kuusoma mkataba. Tofauti ya wawili hao ni kubwa kuliko ya umri.

ANGA LA NGOMENI

Kaskazini ya Malindi, ukipita Mambrui na Gongoni penye mashamba ya chumvi, iko Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Baharini mbele yake vimesimama vyuma virefu kama meza kubwa zenye miguu mingi. Hapo ndipo Mtaliano Luigi Broglio alipopachagua katika miaka ya 1960 kurushia setilaiti. Jukwaa lake alilipa jina la San Marco.

Sababu ya kuchagua Ngomeni ni hesabu. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta mwendo wake ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Chombo kikirushwa hapo kuelekea mashariki, dunia yenyewe hukisukuma, na mbele yake ni bahari tupu. Mahali pa namna hiyo duniani si pengi. Kwa maneno mengine, kijiji hiki kilikuwa na mali ambayo haikuonekana kwa macho: mahali pake.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru, ikarushwa setilaiti ya Marekani ambayo kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksrei itokayo kwenye nyota. Ilitambua vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo, na ikawasaidia wataalamu kupata dalili za mashimo meusi ya anga. Aliyeongoza uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote, na lilitokea Ngomeni. Ni watoto wangapi wa Malindi wanaolijua jambo hilo?

Setilaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa lile, ya mwisho mwaka 1988. Baada ya hapo kilichobaki kikifanya kazi ni kituo cha nchi kavu cha kufuatilia setilaiti, ambacho leo kina jina la Broglio. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya, baada ya maswali mengi kuulizwa hapa nchini juu ya fungu la Kenya: kodi, mafunzo na habari zinazokusanywa. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Lakini yalihitaji watu waliosoma kuyauliza, na yatahitaji wengine kuyaendeleza.

FUNDISHO LA BENADIR

Barabara yetu imekwisha, ila jicho na liendelee kaskazini, ng'ambo ya Lamu na Kiunga, hadi Barawa, ambako watu husema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Miji ya Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 Italia ilikodishwa bandari hizo. Mwaka 1905 ikazinunua kabisa kwa pauni 144,000. Kismayu na Jubaland, zilizokuwa za Kenya, Uingereza ilizikabidhi Italia mwaka 1925. Hakuna aliyewauliza watu wa miji hiyo.

Kitaliano kikabaki huko katika vinywa vya watu. Msomali huiita tambi "baasto" na huila kwa ndizi. Jibini huiita "farmaajo", na Rais mmoja wa Somalia, Mohamed Abdullahi, amejulikana ulimwenguni kwa lakabu hiyo. Vita vilipozuka mwaka 1991, watu wengi wa Barawa walikimbilia Mombasa, na lugha yao pamoja na vyakula vyao vikaja nao.

Sasa tukusanye tuliyoyaokota njiani. Shanga zilibadilishwa kwa pembe, na bei ya pembe ilijulikana kwingine. Bandari ziliuzwa, na wenye bandari hawakuwako mezani. Viwanja vya Malindi viliuzwa, na thamani yake ikaonekana baada ya kuuzwa. Nyanya ya Kimana huuzwa leo usiku kabla haijaoza. Mambo haya ni ya nyakati mbalimbali, lakini mizani ni ile ile, na upande mmoja wake umekuwa mwepesi kwa kukosa elimu, si kwa kukosa mali.

Italia yenyewe yatupa mfano wa dawa. Ilichukua nyanya ya Amerika, kioo cha Sham na ufundi wa maji wa Waislamu, ikajifunza, ikavifanya vyake, kisha ikatuuzia. Hakuna aibu katika kujifunza kwa mwingine. Kiwanda cha kusindika nyanya pale Kimana au Emali, darasa la Kitaliano lenye mwalimu na mtihani pale Malindi, na safari ya wanafunzi wa madrasa na shule kwenda kukiona kituo cha Ngomeni, ni mambo yasiyopita uwezo wa kaunti na wenye mali wa nchi hii.

Msomaji ambaye hajapata nafasi ya safari ndefu na aanze na iliyo karibu. Awachukue watoto hadi Ngome ya Yesu, awaambie ni nani aliyeichora, nani aliyebeba mawe, na nani aliyeingia mwishoni akashika ufunguo.